Ngolo Nne

Niliuona mkono wa Gertruda kabla sijamwona uso. Ulichomoza kwenye rundo la mitumba, juu ya turubai la buluu lililotandazwa hatua chache kutoka majini, umeinua sketi ya jinzi kwa ncha za vidole kama mtu anayemshika samaki mkia. Mama mmoja mnunuzi alikuwa anaikagua zipu. Mimi nilikuwa naukagua mkono. Upande wa ndani wa kifundo, pale ambapo kamba ya saa ingepita, ngolo nne za kuchorwa kwa sindano zilikuwa zimekaa kimya, nyeusi, kila mstari na nafasi yake. Miaka kumi ilikuwa imepita. Nilisimama pale Mbamba Bay na begi langu begani, vumbi la mteremko wote wa kutoka Mbinga limenikaukia usoni, na jambo la kwanza nililolihisi, kabla hata ya furaha ya kumwona, lilikuwa majivuno. Ile ilikuwa kazi ya mkono wangu.

La pili lilikuwa wivu. Mchoro wangu, wa siku moja na ule, ulikuwa doa.

Mgeni akiitazama milima yetu ya Matiri kwa mbali huidhani imevikwa wavu. Ni mashamba. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana. Kisha wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya mistari na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, hadi mlima mzima unabaki na mashimo ya mraba, moja ubavuni mwa jingine, ya kuyashika maji ya mvua yasishuke na udongo bondeni. Hizo ndizo ngolo. Shamba la mama yangu na la mama yake Gertruda yalipakana, na sisi wawili tulifundishwa jembe siku moja. Tulipofika miaka minane tulikuwa tunaweza kumaliza ngolo nzima bila kusemezana, mmoja akijua jembe la mwenzake litatua wapi. Wasichana wengine walikuwa na mashoga. Mimi nilikuwa na Gertruda, na nilitaka Gertruda asiwe na mtu mwingine. Nilitaka hivyo nikiwa na miaka minane, na sijui kama nimewahi kuacha.

Mchoro ulikuwa wazo langu. Ilikuwa Agosti ya mwaka themanini na tano, tuko darasa la saba, na mwalimu mkuu alishatuambia bila kificho kwamba shule yetu ikibahatika itampeleka mtoto mmoja sekondari. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Gertruda alikuwa anacheka akishindwa hesabu. Mimi nilikuwa nalia nikikosa moja. Nikaona kwamba nitaondoka na yeye atabaki, na atakayebaki atapata mtu mwingine wa kulima naye.

Mwaka ule sabuni tuliijua zaidi kwa jina. Tulifulia majani ya mpapai. Sindano ya kushonea ilikuwa moja nyumba nzima, na mama aliichomeka kwenye ukosi wa gauni lake asije akaipoteza. Niliiiba kwa mchana mmoja. Nilikwangua masizi ya koroboi kwenye kipande cha bati, nikayakoroga na maji kwenye kizibo cha chupa, tukaenda kujificha katikati ya mikahawa ya shamba letu. Nilichora kwanza kwa kalamu ya wino: mraba mmoja, mistari miwili ikikatana ndani yake, mashimo manne. Yote hayo hayakuzidi ukubwa wa punje ya hindi, kwa sababu Sista aliyetufundisha dini alikuwa na macho, na baba yake Gertruda alikuwa na fimbo.

Mimi nilianza, kwake. Nilichoma nukta kwa nukta, ncha ya sindano ikiingia kidogo tu, nikipuliza, nikifuta, nikirudia, hadi kivuli cha mikahawa kikahama kutoka magotini kwetu. Kisha akanichora yeye. Gertruda aliuma ulimi na kuchoma harakaharaka, kama mtu anayepanda maharage huku mvua inamfuata, na kila nilipokunja uso alicheka akaniambia nivumilie, nitakapokuwa mke wa mkuu wa wilaya nitapaona pale na kumkumbuka aliyeniumiza. Damu ilitoka nyingi. Nilifurahi ilivyotoka nyingi.

Kesho yake mkono wake ulivimba. Ulikuwa msimu wa kahawa. Kahawa iliyokobolewa jioni kwa mashine ya mkono hulazwa ndani ya maji, na asubuhi lazima ioshwe ule ute wake, la sivyo inaharibika. Gertruda hakuweza kutia mkono majini, na hakuweza kumwambia baba yake kwa nini. Basi kwa siku nne nilimaliza ya kwetu, nikavuka mpaka wa shamba, nikaosha na ya kwao, mikono ikizama kwenye ute hadi viwiko, pamoja na kidonda changu kibichi. Chake kilikauka, kikabanduka magamba, ngolo zikatokea kama zimepigwa chapa. Changu kilichuruzika majimaji wiki mbili. Kufikia Krismasi mistari ilikuwa imenenepa. Nilipokuwa kidato cha pili ilikuwa imeanza kugusana. Namaliza diploma ya ualimu, mwaka tisini na tano, nilikuwa na doa la rangi kati ya buluu na kijani, kama kalamu imenivujia. Bwenini waliniuliza kama niliungua.

Sikuwaambia. Lakini nililipenda lile doa kwa ubaya wake. Kila mstari uliopotea niliuhesabu kuwa nimeutoa kwa ajili yake. Niliamini kwamba kama ipo siku atauliza ni nani aliyempenda zaidi, nitakunja mkono wa blauzi na kumwonyesha.

Barua zake zilinifikia chache. Wakati nahangaika na kidato cha tano, yeye aliteremka ziwani, Mbamba Bay. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Marobota ya mitumba yalikuwa yanafika hata kwetu, na Gertruda, ambaye hesabu za ubaoni zilimshinda, aligundua kwamba anaweza kumtazama mama yeyote kwa mbali na kujua sketi ipi itamkaa. Aliandika habari za pepo za ziwani, za usipa, vile vidagaa vya ziwa, za meli isiyofika kwa wakati. Na aliandika habari za Beata. Beata amenipikia. Beata anasema mwaka huu mvua itachelewa. Beata ameniambia nikusalimie. Sikuwahi kuzijibu salamu zile.

Kwa hiyo siku ile ya Julai, nikiwa nasubiri kupangiwa kituo cha kazi, sikushuka kuona ziwa.

Gertruda aliniona, akaiachia sketi. Alinikumbatia kwa nguvu, akanitazama, akanikumbatia tena.

“Vita,” alisema. Hakuna mwingine anayelikata hivyo jina la Vitalia. “Umekonda, umekuwa mwembamba kama cheti chenyewe.”

Yule mama mnunuzi akauliza kwani kukumbatiana kwetu kunamhusu nini, sketi yake iko wapi. Gertruda akamwambia achukue kwa bei yake mwenyewe, leo amebahatika, dada yake ameshuka kutoka mlimani. Neno lile dada lilinituliza moyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akageuka nyuma ya rundo.

“Beata, njoo umwone.”

Aliinuka mwanamke mrefu, mweusi tititi, amejifunga kitenge cha upande wa pili wa ziwa. Alikuwa anapanga mashati. Alifuta mkono wake kwenye kitenge kabla ya kunipa, kwa heshima, akasema karibu sana Mwalimu, hapa tunakusikia kila siku. Nikapokea mkono ule. Na pale, upande wa ndani wa kifundo, mahali pa kamba ya saa, palikuwa na mraba mmoja, mistari miwili ikikatana ndani yake, mashimo manne.

Nilikawia kuuachia kuliko adabu inavyoruhusu. Niliugeuza kuelekea mwangani, kama yule mama alivyoigeuza sketi.

Walinikaribisha kibandani kwao, nyuma ya chanja za kuanikia usipa. Kulikuwa na ugali wa muhogo, na samaki waliobakizwa kwa ajili yangu. Gertruda alizungumza bila kupumzika: nani anafungua marobota, nani anakwenda kupokea mzigo, nani ana mdomo wa kubishana na madereva. Kila jambo lilikuwa na watu wawili ndani yake. Beata alikuwa ananawisha watu mikono na kuondoa vyombo bila kuambiwa, na Gertruda alimpitishia chumvi bila kuombwa. Niliwatazama. Jembe la mmoja lilijua la mwenzake litatua wapi.

Mimi ni mtu wa maneno. Shuleni nilikuwa nashindania midahalo, na nilipomaliza diploma mkufunzi wangu wa Kiswahili aliniambia ulimi wangu utanilisha au utanifungisha. Nililichagua swali langu, nikalinoa, nikaliuliza nikiwa natabasamu: kwani dada Beata naye amelima Matiri?

Beata alicheka. Alisema huo mlima wenyewe anauona kwa mbali tu, siku mawingu yakipenda. Kisha akaona sicheki, akaufuata mtazamo wangu hadi mkononi mwake, na akaelewa upesi kuliko nilivyotaka aelewe.

Alinieleza bila kujitetea. Gertruda alipofika ziwani, mchoro wake ulikuwa unakwisha. Haikutimia miaka sita, nao ulibaki kama kivuli cha utando wa buibui. Mistari miwili ilishapotea kabisa. Shangazi yake Beata, aliyeolewa upande wa pili, alikuwa akiwachora wanawake wenzake, na Beata alijifunza kwake. Gertruda akamwomba auchore upya. Beata alisita. Alikuwa hajawahi kuchora kitu kidogo namna ile.

“Vidogo ndivyo vinavyosumbua, Mwalimu,” alisema. “Kikubwa kikitanuka, kinatanuka na nafasi yake. Kidogo kikitanuka, mistari inalaliana. Ukichoma juujuu, kinafutika. Ukizamisha, kinavuja. Ilibidi nijaribu kwanza nione ngozi inasemaje. Nikajaribu hapa.” Akakigusa kifundo chake, kama mtu anayeonyesha alipochanjwa ndui.

Alipoona kwamba kwake kimetulia, ndipo akamchora Gertruda. Na amekirudia mara moja tena, mwaka jana tu, kwa wino mweusi wa chupa kutoka dukani kwa Swalehe, maana siku hizi dukani hakuna kinachokosekana. Kila baada ya miaka mitatu minne, alisema. Bila hivyo hakidumu.

Niliwaza kuhusu ule mkono ulioinuka juu ya mitumba, na majivuno niliyosimama nayo pale kwenye mchanga kama mjinga.

“Kwa hiyo kazi yangu haipo,” nikamwambia Gertruda.

“Yako ipo,” alisema. “Ipo chini ya hii.”

Kama angesema imekufa ningevumilia. Nilimgeukia Beata, mwanamke aliyenibakizia samaki, nikamwambia kwamba sasa nimeelewa: yeye ni karatasi ya kujaribia kalamu.

Nje mtu alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. Tulisikia ukichakarisha kama mvua ndogo. Beata hakukasirika. Ningempenda zaidi angekasirika.

“Ndiyo,” alisema. “Nilijaribia kwangu. Ninyi mlijaribia wapi, Mwalimu?”

Niliuvuta chini mkono wa blauzi yangu.

Ndipo Gertruda akauchukua mkono wangu. Alikunja blauzi yangu mwenyewe, akapitisha kidole gumba juu ya doa, polepole, mara mbili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona tangu mistari yote ipotee. Nilingoja. Kwa miaka kumi nilikuwa nimemwandalia siku hii. Nikamwambia, kwa sauti niliyoitengeneza iwe nyepesi, kwamba ni ule ute wa kahawa yenu, unakumbuka, zile siku nne.

“Si ute, Vita.”

“Ni ute.”

“Nilizamisha sindano mno. Nilijua siku ileile, nilipoona damu. Wewe uliogopa kuniumiza, ukachoma juujuu, ikafutika. Mimi sikuogopa kitu.”

Nilimuuliza kwa nini basi aliniacha niamini miaka yote hiyo. Kwenye barua nilikuwa nimemtajia ute ule zaidi ya mara moja.

“Ulikuwa unafurahi,” alisema.

Beata alishaweka sindano kwenye sufuria ndogo jikoni. Tatu, zimefungwa pamoja kwa uzi. Alisema doa langu linaokoka: atalifanya liwe shimo moja la ngolo, achore mistari mipana kulizunguka, mraba mkubwa kidogo, kitu cha kukaa. Alisema kwa wema, na mkono wake ulikuwa hodari. Uthibitisho nilikuwa nao mbele ya macho, mara mbili. Maji yalianza kuchemka. Nikaangalia ile chupa ya wino, nikaangalia ile mikono miwili yenye ngolo zilizo safi, zimetoka kwenye sindano moja, na nikaona jinsi wa tatu utakavyokaa pamoja nayo, nadhifu, umerekebishwa, kazi ya Beata.

“Anichore Gertruda,” nikasema.

Gertruda alikataa. Alisema hajui, hajawahi kujua, mkono wake ni wa kufungua marobota. Nilimwambia hakuna haja ya kujua. Alisema ataniharibu tena.

“Niharibu.”

Nadhani hilo ndilo neno pekee la kweli nililolisema siku ile, na nililisema mbele ya mtu ambaye sikutaka alisikie. Beata alipunguza moto. Alizitoa sindano, akazipanguza, akampa Gertruda, akakaa pembeni na kuangalia ziwani ili asitutazame. Hata adabu yake niliionea wivu.

Gertruda aliuma ulimi. Alichovya. Alinichoma mara moja, nje kidogo ya doa, na kwa mkono ule usiojua, ya pili iliangukia mbali na ya kwanza. Hakucheka. Ya tatu ilikwenda chini zaidi, karibu na mfupa. Nilimtazama usoni wakati wote. Sikukunja uso hata kidogo, nisije nikampa sababu ya kuacha. Kisha aliinua macho, na hakuniangalia mimi. Alimwangalia Beata, kama mtu anayevuka mto anavyotafuta jiwe la kukanyaga, na bila kusema neno akamnyooshea sindano.

Beata alizipokea. Alisogea.

Nikaurudisha mkono wangu. Niliuteremsha mkono wa blauzi juu ya damu na wino, nikasema lori linaondoka. Hakuna lori lililokuwa linaondoka hadi kesho yake, na wote watatu tulijua. Gertruda alinisindikiza hadi kwenye turubai, akanitafutia sweta la kijani, akasema Mbinga kuna baridi. Nilisema ninalo. Sikuwa nalo. Nililala misheni na asubuhi nikapanda juu, nimekaa juu ya magunia ya mchele, nikilisikia ziwa likibaki nyuma yangu bila kuligeukia.

Sasa ni mwaka wa tatu nafundisha hapahapa milimani. Doa limezidi kutanuka. Limekuwa kama alama ya kuzaliwa, na nikifa leo atakayeniosha hatajua kwamba liliwahi kuwa shamba. Lakini zile nukta tatu zipo. Zimekaa mbalimbali, hazina mistari ya kuzilalia, hazichori chochote. Sikuzitegemea zidumu. Kila nikishika chaki zinatangulia kuonekana, nyeusi kama juzi.

Gertruda aliniandikia barua mbili. Zote zilijaa sisi: sisi tumehamia kibanda kikubwa, sisi tuliumwa malaria kwa zamu. Ya pili niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia mkononi, na nilikuwa nimeshapiga mstari chini ya makosa saba kabla sijajua ninachofanya. Sikuweza kuijibu baada ya hapo.

Jumamosi iliyopita Notburga alipita kwangu. Notburga huleta usipa kutoka ziwani, na pamoja na usipa huleta habari, na nadhani watu wengine hununua usipa kwa ajili ya habari. Alikuwa anapima kwenye kopo, akaniambia kwamba yule rafiki yangu Gertruda amechorwa upya. Safari hii hakujificha. Ameachana na mambo ya punje ya hindi. Ngolo zimepanda kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, mlima mzima, na wazee wa pale wanalalamika, na wasichana wanakwenda kumwomba wauone. Amesema kwamba vidogo vimemchosha.

Nilimuuliza kama mchoro umetoka vizuri. Notburga alisema umetoka vizuri sana, mistari yake mtu angeweza kupita katikati na jembe.

Nikamuuliza ni nani aliyemchora.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ya ziwa yametoka wapi. Nilijua jibu, na alijua kwamba nalijua. Lakini Notburga hashuki ziwani na kapu tupu: kila neno analolisikia huku juu hulifikisha kule chini kabla hajakaa. Nikamuuliza tena, polepole, nikataja na jina la Gertruda, ili asije akasahau kwamba niliuliza.